Madoa ya wino: kipimo cha miaka 100 na swali la kwa nini wagonjwa wa skizofrenia hawafanani

Kadi kumi, kila moja ikiwa na doa la wino lisilo na umbo maalum, na swali moja fupi: hiki kinaweza kuwa nini? Hicho ndicho kipimo cha Rorschach, kilichochapishwa kwa mara ya kwanza nchini Uswisi mwaka wa 1921. Watu wengi wanakifahamu kupitia filamu, ambamo daktari humwonyesha mtu doa na papo hapo kugundua siri za moyo wake. Hospitalini na katika vyuo vikuu, historia yake ni nyingine kabisa. Kipimo hicho kilizaliwa katikati ya wagonjwa wa skizofrenia, na swali kilichoanza nalo bado linaulizwa leo: je, watu wote wanaopewa jina la ugonjwa huo wana tatizo lilelile?

Jibu la swali hilo lina uzito kwa familia nyingi. Shirika la Afya Duniani, OMS, limekadiria kwamba watu wapatao milioni 24 wanaishi na skizofrenia, yaani karibu mtu 1 kati ya 300. Kuna wanaosikia sauti ambazo wengine hawazisikii. Kuna wanaoamini kwamba jirani au serikali inawafuatilia kila hatua. Wengine wananyamaza, wanaacha kuoga, wanajifungia chumbani miezi mizima. Wengine wanazungumza bila kukoma, lakini maneno yao hayafuatani. Wote wanaandikiwa jina moja kwenye faili. Na mtu akiandikiwa jina lisilo lake, anaweza kutumia dawa zisizomfaa kwa miaka mingi huku ugonjwa wake halisi ukiendelea.

Mwanafunzi aliyeitwa "Doa"

Hermann Rorschach alizaliwa mjini Zurich tarehe 8 Novemba 1884 na kukulia Schaffhausen, ambako baba yake alikuwa mwalimu wa uchoraji. Shuleni wenzake walimbandika jina la utani "Klex", linalotokana na neno la Kijerumani lenye maana ya doa la wino. Siku hizo watoto wa Ulaya walipenda mchezo wa kudondosha wino kwenye karatasi, kuikunja katikati, kisha kuifungua na kukisia picha iliyojitokeza. Justinus Kerner, daktari na mshairi wa Ujerumani, alikuwa ametunga kitabu kizima cha mashairi juu ya madoa ya namna hiyo, kilichotolewa mwaka wa 1890 baada ya kifo chake. Mwanasaikolojia Mfaransa Alfred Binet naye alipendekeza madoa yatumike kupima uwezo wa mtu wa kubuni.

Rorschach alisomea udaktari Zurich wakati hospitali ya magonjwa ya akili ya mji huo, Burghölzli, ikiongozwa na Profesa Eugen Bleuler. Ni Bleuler aliyelitangaza neno skizofrenia, katika hotuba aliyoitoa Berlin mwezi Aprili 1908. Aliliunda kutokana na maneno mawili ya Kigiriki, moja la kupasuka na jingine la akili. Hakumaanisha mtu mwenye nafsi mbili, ingawa kosa hilo linasikika hadi leo. Alimaanisha kwamba kamba zinazounganisha wazo na wazo, na wazo na hisia, zimelegea.

Kabla yake, Emil Kraepelin wa Ujerumani aliuita ugonjwa huo dementia praecox, yaani kupoteza akili mapema, na aliamini kwamba kwa kawaida mgonjwa huzidi kudhoofika. Bleuler aliwatazama wagonjwa wake na kuona kwamba wengine wanapata nafuu, wengine wanarudi kazini, na wengine wanabaki wodini. Kitabu chake cha mwaka wa 1911 kinaonyesha msimamo huo tangu kwenye jalada: alizungumzia "kundi la skizofrenia", kwa wingi. Kwa maneno mengine, mtu aliyetoa jina hilo hakuwahi kudai kwamba linataja ugonjwa mmoja.

Wagonjwa 188 wa Herisau na kwingineko

Mwaka wa 1915 Rorschach alihamia hospitali ya magonjwa ya akili ya Herisau, mashariki mwa Uswisi. Miaka miwili baadaye, mwanafunzi mmoja wa Bleuler kutoka Poland, Szymon Hens, alitoa tasnifu iliyotumia madoa ya wino kwa watoto 1,000, watu wazima 100 wasio wagonjwa, na wagonjwa wa akili 100. Hens alishughulikia zaidi kile ambacho watu walisema wanakiona. Rorschach, aliyekuwa ameyajaribu madoa tangu ujana wake wa udaktari, alirudi kwenye kazi hiyo akiwa na swali tofauti. Alitaka kujua mtu anafikaje kwenye jibu lake.

Katika kitabu chake Psychodiagnostik alieleza majibu ya watu 405. Kati yao, 117 hawakuwa wagonjwa na 188 walikuwa na skizofrenia, kundi kubwa kuliko mengine yote. Kwa kila jibu aliandika mambo machache. Je, mtu ametumia doa zima au kipande chake? Ameongozwa na umbo, na rangi, au ameona kitu kinachotembea? Je, umbo analolitaja linalingana kweli na doa lililo mbele yake?

Hapo ndipo tofauti zilipojitokeza. Watu wasio wagonjwa hawakuona vitu vilevile, lakini kwa sehemu kubwa ungeweza kulitazama doa na kukubali kwamba kweli linafanana na walichotaja. Kadi ya tano, kwa mfano, wengi huiona kama popo au kipepeo. Wagonjwa wa skizofrenia walikuwa na majibu ya aina mbili yaliyochanganyika: moja safi kabisa, kisha jingine lisilo na uhusiano wowote na umbo linaloonekana. Rorschach alijaribu pia kutofautisha wagonjwa kwa wagonjwa: wale waliotawaliwa na hofu ya kuandamwa, wale walioganda kimwili, na wale ambao mawazo yao yalikuwa yametawanyika.

Hakupata nafasi ya kuendelea. Mchapishaji Ernst Bircher alikataa kuchapa kadi nyingi kwa sababu ya gharama, hivyo zikabaki 10: tano za rangi nyeusi na kijivu, mbili zenye nyekundu ndani yake, na tatu za rangi mbalimbali. Kitabu hakikununuliwa. Tarehe 2 Aprili 1922 Rorschach alifariki baada ya kidole tumbo kupasuka, akiwa na miaka 37. Alikuwa ameandika wazi kwamba matokeo yake ni ya mwanzo tu.

Mwandishi wa habari aliyegeuka mtafiti

Kadi hizo zilivuka bahari kwenda Marekani, na mmoja wa waliozieneza huko alikuwa Samuel Beck, mzaliwa wa Romania aliyefanya kazi ya uandishi wa habari mjini Cleveland kabla ya kurudi masomoni. Alipofika hospitali ya Michael Reese mjini Chicago, aliwachunguza wagonjwa wa skizofrenia kwa miaka mingi. Mwaka wa 1954 alitoa kazi yenye jina linalosema yote: Skizofrenia Sita. Kwa kutumia madoa ya wino pamoja na maelezo ya madaktari waliowafahamu wagonjwa, watoto kwa watu wazima, yeye na wenzake walieleza namna sita ambazo ugonjwa huo hujitokeza.

Mgawanyo wa Beck haukuingia katika miongozo rasmi ya madaktari. Lakini njia yake ya kutafuta mafungu ndani ya fungu moja iliendelezwa na wengine.

Huko Topeka, katika jimbo la Kansas, David Rapaport na wenzake walikuwa wamechukua mwelekeo mwingine katika miaka ya 1940. Walisikiliza jinsi mgonjwa anavyozungumza anapolieleza doa, kuliko kuhesabu alichokiona. Mifano ifuatayo ni ya kueleza tu, si maneno ya mgonjwa yeyote. Mtu mmoja anaweza kusema: "Ni kuku mwenye mikono." Ameunganisha vitu viwili visivyokaa pamoja, lakini bado tunamfuata. Wa pili anasema: "Huyu ni mfalme, kwa sababu yuko katikati." Sababu aliyoitoa haitoshi, lakini kwake inatosha kabisa. Wa tatu anaona mlima na ng'ombe katika doa lilelile, kisha vitu hivyo vinayeyukiana na anataja kiumbe kimoja chenye jina alilolibuni yeye mwenyewe. Hapo mipaka kati ya wazo na wazo imevunjika.

Mwaka wa 1979 Mary Johnston na Philip Holzman waliligeuza wazo hilo kuwa kipimo chenye hesabu, kinachopima kuvurugika kwa fikra. Kila kauli ya ajabu hupewa uzito katika ngazi nne, kuanzia 0.25 kwa kuteleza kidogo, kitu ambacho mtu yeyote aliyechoka anaweza kukifanya, hadi 1 kwa kauli zinazoonyesha kwamba mtu ameachana na uhalisia. Hakuna mtu anayepata sifuri daima. Tofauti iko kwenye kiasi na aina.

Tofauti inayobadilisha dawa

Faida kubwa ya kazi hiyo ilionekana pale watafiti wa kundi la Holzman walipowalinganisha wagonjwa wa skizofrenia na wale wa ugonjwa wa bipola waliokuwa katika kipindi cha mania, yaani msisimko uliopita kiasi. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 1987. Makundi yote mawili yalikuwa na fikra zilizovurugika, na kwa jicho la haraka yangeweza kuchanganywa. Lakini mvurugiko wenyewe haukufanana.

Mgonjwa wa mania aliunganisha kila kitu na kila kitu, kwa mzaha na furaha iliyopitiliza: doa linakuwa harusi, harusi inapata tembo, tembo wanavaa kofia na kupiga ngoma. Mgonjwa wa skizofrenia alikuwa amechanganyikiwa zaidi, wazo likiteleza kabla hajalishika, akitumia maneno ya ajabu au maneno ya kawaida kwa maana isiyo ya kawaida.

Suala hili si la wasomi peke yao. Mgonjwa wa bipola anaweza kusaidiwa na dawa ya lithiamu, ambayo si dawa kuu ya skizofrenia. Kwa miongo mingi, watu waliofikishwa hospitalini wakiwa wamechachamaa waliandikiwa skizofrenia kwa sababu tu walikuwa wanasema maneno yasiyoeleweka.

Nchini Finland, kundi la Profesa Pekka Tienari liliwafuatilia watoto waliozaliwa na mama wenye skizofrenia lakini wakalelewa na wazazi wa kuasili. Kadi za Rorschach zilitumika, pamoja na mambo mengine, kuangalia jinsi wazazi hao walezi wanavyojieleza: kwa uwazi, au kwa maneno yanayoanza bila kumalizika. Matokeo yaliyotolewa mwaka wa 1997 yalionyesha kwamba watoto waliobeba hatari ya kurithi walikuwa na dalili zaidi za fikra kuvurugika pale walipolelewa na wazazi wenye mazungumzo yaliyochanganyika. Kwa watoto wasio na hatari hiyo, uhusiano huo haukuonekana. Utafiti huo hausemi kwamba wazazi ndio wanaoleta ugonjwa. Unasema kwamba kilicho kwenye damu na kilicho nyumbani vinakutana, na kwamba havikutani kwa njia moja kwa kila mtoto.

Kipimo chapelekwa mahakamani

Hata hivyo, kipimo cha Rorschach kimekuwa na wapinzani wakali, na hoja zao zina msingi. Nchini Marekani kulikuwa na mifumo mitano tofauti ya kusoma majibu yaleyale, hadi John Exner alipoiunganisha kuwa mmoja mwaka wa 1974. Mfumo wake ulienea, hata majaji wakaupokea katika kesi za malezi ya watoto na za jinai. Ndani yake kulikuwa na hesabu maalum ya kugundua skizofrenia.

Mwaka wa 1999 watafiti walitoa matokeo ya watu 123 wa California wasio na historia ya ugonjwa wa akili. Karibu mtu 1 kati ya 6 alipata alama zilizodaiwa kuwa za skizofrenia. Mwaka huohuo mwanasaikolojia Howard Garb aliomba matumizi ya kipimo hicho hospitalini na mahakamani yasimamishwe hadi ijulikane ni alama zipi zinazoaminika. Wenzake, akiwemo Scott Lilienfeld, walionyesha kwamba alama nyingi zilizodaiwa kupima huzuni, kujipenda au dhuluma za utotoni hazikuwa na ushahidi wa kutosha. Hesabu ya skizofrenia yenyewe baadaye iliachwa, ikawekwa nyingine inayopima fikra na namna ya kuona mambo, bila kutaja jina la ugonjwa.

Mwaka wa 2013 Joni Mihura na wenzake walikusanya tafiti zilizokuwepo na kupima alama 65, moja baada ya nyingine. Baadhi hazikusimama vizuri. Zilizosimama imara zaidi ni zile zilizohusu mpangilio wa fikra na usahihi wa kuona umbo, yaani zilezile ambazo Rorschach alizikuta kwa wagonjwa wake. Wapinzani wakubwa wa kipimo waliisoma kazi hiyo na mwaka wa 2015 wakakubali kwamba, kwa alama hizo chache, ombi la kusimamisha matumizi linaweza kuondolewa. Ni nadra kwa mabishano ya kisayansi ya muda mrefu kiasi hicho kumalizika kwa pande mbili kukubaliana hata kwa sehemu.

Doa halina lugha, lakini jibu lina lugha

Kwa wasomaji wa Afrika kuna swali jingine. Doa la wino halina maandishi, kwa hiyo wazungu wa zamani walidhani linaweza kupelekwa popote. Mwaka wa 1935 ndugu wawili wa familia ya Bleuler, Manfred na Richard, walichapisha utafiti wao wa madoa kwa watu wa Morocco. Wamorocco wengi walitaja vipande vidogovidogo sana vya doa, jambo ambalo katika vitabu vya Uswisi lingetiliwa shaka. Lakini hao hawakuwa wagonjwa. Walitazama kwa namna yao.

Frantz Fanon alikuta jambo linalofanana alipokuwa daktari katika hospitali ya Blida, Algeria. Mwaka wa 1956, pamoja na Charles Geronimi, alieleza jinsi kipimo kingine, kile cha kuwaonyesha watu picha ili watunge hadithi, kilivyoshindwa kwa wanawake Waislamu wa huko. Picha zilionyesha maisha ya Wazungu ambayo wanawake hao hawakuyaishi. Ukimya wao haukuwa dalili ya ugonjwa. Hapa Kongo, wakati wa ukoloni, Mfaransa André Ombredane alitengeneza picha zake mwenyewe kwa ajili ya Wakongomani, kipimo kilichoitwa "Congo T.A.T.", lakini lengo lililotajwa wakati huo lilikuwa kuchunguza "akili ya mtu mweusi", kana kwamba ni moja.

Funzo linalobaki ni la kawaida: anayepima kauli za ajabu lazima ajue kwanza kauli zipi ni za kawaida katika lugha hiyo na mji huo. Mtu anayesema kwamba doa linamkumbusha mizimu ya ukoo wake hajatoka nje ya uhalisia, ikiwa jirani zake wote wanazungumza vivyo hivyo. Na mgonjwa anayehojiwa kwa Kifaransa ilhali anafikiri kwa Kiswahili, Kilingala au Mashi anaweza kuonekana amevurugika kuliko alivyo.

Leo madaktari wanasimama wapi?

Miongozo ya kimataifa imeelekea upande wa Bleuler. Mwaka wa 2013 mwongozo wa Marekani, DSM-5, uliyafuta yale mafungu ya zamani ya skizofrenia, kwa sababu wagonjwa walikuwa wakihama kutoka fungu moja hadi jingine. Mwongozo wa OMS, ulioanza kutumika Januari 2022, umefanya hivyo pia. Badala ya kumtia mgonjwa kwenye kisanduku, daktari anaombwa aeleze dalili zake moja moja na ukali wake: sauti, imani zisizo za kweli, fikra zilizotawanyika, kujitenga, hali ya moyo.

Hakuna mwongozo kati ya hiyo unaodai madoa ya wino ili kutambua skizofrenia. Utambuzi hufanywa kwa mazungumzo marefu na mgonjwa, maelezo ya ndugu, muda ambao dalili zimedumu, na uchunguzi wa mwili, kwa kuwa malaria ya ubongo, kifafa, madawa ya kulevya na magonjwa mengine yanaweza kuleta hali inayofanana. Kipimo cha Rorschach, pale penye mtaalamu aliyefunzwa, kinaweza kusaidia kueleza jinsi fikra za mtu huyu zinavyokwenda, na kama zimebadilika baada ya miezi ya matibabu. Kadi zenyewe zimeenea kwenye intaneti tangu miaka mingi, lakini mtu asiye na mafunzo akizitumia kwa ndugu yake hatapata chochote zaidi ya hofu.

Kwa familia, maswali ya kumuuliza daktari ni rahisi kuliko kadi kumi. Ni dalili zipi hasa zilizofanya jina hili liandikwe? Je, imefikiriwa kwamba inaweza kuwa bipola au ugonjwa wa mwili? Dawa hii inalenga dalili gani, na tutarudi lini kuangalia kama imesaidia? Vituo kama CNPP mjini Kinshasa, SOSAME mjini Bukavu na Tulizo Letu mjini Goma hupokea watu wenye matatizo ya akili, na ndugu anayekwenda naye ana haki ya kuuliza. Aende pia na habari ambazo kadi haziwezi kutoa: usingizi ulianza kupotea lini, maneno yalianza kuchanganyika lini, na mtu huyo alikuwa mtu wa namna gani kabla ya kuugua.